Siku Ikuti Ilipokuwa Mbali

Harufu ya dizeli kwenye udongo uliolowa hunirudisha stendi ya Tukuyu, asubuhi ile tuliyongoja pikapu ya kwenda Ikuti kumzika bibi yangu, mama yake mama. Zamani hatukuwa na cha kungoja. Kwa bibi kulikuwa karibu: tulitoka alfajiri, mama mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma nikitafuna ndizi ya kuchoma, tukipita mashamba ya chai yenye umande, na tulifika chakula cha mchana kikiwa bado mekoni. Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yakajaa sabuni na mitumba, mfanyabiashara mmoja akanunua pikapu kuukuu, na ndani ya msimu mmoja Ikuti ikahamia mbali. Siku pikapu isipokwenda, watu wazima wenye miguu mizima walisema hakuna usafiri, wakarudi kulala.

Habari ya msiba ilitufikia jioni. Maziko yalikuwa kesho yake mchana. Mama alijifunga kanga tayari kwa safari ya alfajiri, kwa miguu kama siku zote. Baba, aliyekuwa mwalimu na aliyeogopa sana macho ya watu, akamzuia. "Mke wa mwalimu afike msibani amejaa tope, na gari lipo? Wakwe zangu watanionaje?" Mama akaifungua kanga, akaikunja. Mimi nilishangilia moyoni, maana sikuwa nimewahi kuipanda pikapu ile.

Kumbe haiondoki mpaka ijae. Tukiwa tunangoja, alipita bibi mmoja jirani yetu, fimbo mkononi, naye akielekea msibani. "Twende, mwanangu," alimwambia mama. "Ikuti si mbali, tutafika." Mama alimtazama baba, baba akatazama barabara. Bibi yule akaenda zake. Jua lilikuwa limeshapanda tulipoondoka, na kwenye mlima wa kwanza magurudumu yakazama. Tulisukuma wote, mama naye akasukuma, na tope alilokatazwa likamfika magotini.

Kwetu mwanamke anayekwenda kumlilia mzazi huanza kilio njiani, penye migomba ya kwanza, ili wenzake wamsikie na kutoka kumpokea. Pikapu ilitushusha uani kabisa. Mama alisimama kando ya gari, mdomo wazi, asijue kilio akianzie wapi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na kando yake alikaa yule jirani, fimbo mapajani. Mjomba alisema tu, "Tulikungoja, dada, mpaka mvua ikatushinda." Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyetukemea, na ingekuwa afadhali watukemee. Nilimwonea aibu baba, aliyekuwa akifuta viatu vyake kwa majani. Kisha nikajionea aibu mwenyewe kwa furaha yangu ya jana. Matanga yalipokwisha mama alirudi Tukuyu kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumwambia apande gari.

Siku hizi naishi Mbeya. Lami ipo, mabasi madogo hupita kutwa, nami nina gari langu. Juzi mama alinipigia simu kutoka Tukuyu, sauti imemkauka. Alisema kifua kinambana na angependa kuniona. Nikamwambia gari liko gereji, likitoka tu nitakuja. Nikawa nasikia pumzi zake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Najua, Tukuyu ni mbali."