Posa ya Kondoo Dume

Ukitaka kuoa huku Kabuchai, usianze kwa kutafuta ng'ombe. Anza kwa Mzee Wangila. Yeye ndiye anayejua nani alizaliwa na nani na bibi wa nani alitoka ukoo gani, na akipata tone la damu moja pande zote mbili, harusi imekwisha hata kama hema limeshakodiwa. Ameachanisha watu kuliko pombe. Wazee humheshimu, lakini vijana wakiiona fimbo yake njiani hugeuza pikipiki.

Mwaka huu zamu ilimfikia Joan, mjukuu wake mwenyewe, aliyemlea tangu akiwa mchanga, baada ya mama yake kufariki. Joan alimleta Wakoli, kijana anayechomelea vyuma Kitale, aliyekulia kwa bibi yake huko huko. Mzee alimhoji kijana mpaka chai ikapoa, kisha akatoa hukumu: mama wa bibi wa Wakoli na mama wa bibi wa Joan walikuwa wa ukoo mmoja. Haiwezekani. Hata Wabwile, aliyetahiriwa msimu mmoja na Wangila na kwa hiyo ana ruhusa ya kumtania bila kikomo, alikuna kichwa. Kwenda mbali hivyo hajawahi kusikia. Joan alilia, kisha akaenda kuwafungulia kondoo, maana ni yeye anayewachunga, kama vile ni yeye anayempikia mzee ugali na kumwambia miwani anayoitafuta iko kichwani mwake.

Sasa hao kondoo. Dume wao aliitwa Diwani, mweupe, mnene, mkia wa kujaza sufuria. Wangila alikuwa naye kwa miaka saba na hakutaka kusikia habari za dume mwingine. Lakini wana wa Diwani walikuwa wanavimba kidevu na kufa kwa minyoo, dawa wanainywa kama uji na bado wanakufa. Ndipo alipopita Chelagat, mtaalamu wa mifugo kutoka Kitale, akikata vipande vidogo vya masikio ya kondoo boma kwa boma. Alieleza kwamba kila kondoo ana vinasaba, urithi wa wazazi wake, na humo mna alama. Kwa alama hizo mtu hujua nani ni baba wa nani, na nani amerithi nguvu za kustahimili minyoo.

Wangila alifurahi mno. "Kumbe ile kazi yangu inasomewa mpaka chuo!"

Chelagat aliporudi na majibu hakuwa anacheka. "Mzee, kondoo zako zote ni damu moja. Diwani ni baba yao."

"Si ndio kazi ya dume?"

"Ni babu yao pia. Na huyu mdogo hapa, Diwani ni baba yake, ni babu yake, na tena ni baba ya bibi yake."

Mzee alikaa chini bila kutafuta kiti. Wabwile alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe bana! Ulikataza yule kijana harusi juu ya bibi mmoja tu. Hapa kwako baba anaoa binti, anaoa mjukuu, na wewe ndio unawafungia mlango jioni ati walale salama!"

Aibu ilimshika Wangila kama homa. Alimfunga Diwani kamba nyuma ya jikoni, akaita wazee. Wakakaa asubuhi nzima, watu wazima na akili zao, wakijadili kama kondoo watakaswe, na kama wana wa ndoa ile waruhusiwe kulishwa pamoja na kondoo wa watu wenye heshima. Mmoja alipendekeza Diwani atozwe faini ya kondoo wawili. Ikakubaliwa kwa makofi, mpaka Joan alipouliza kutoka jikoni hao wawili watakuwa akina nani kama si binti zake tena.

"Hawahitaji kutakaswa," Chelagat alisema. "Wanahitaji dume mgeni mwenye alama za kustahimili minyoo. Nimepima wengi, na anayewafaa sana ni mmoja, yuko pembeni ya Kitale, kupita Kipsongo. Mwenyewe ni mama anaitwa Roselyne."

Joan alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai. "Kuka," alimwambia babu yake, "huyo ni bibi yake Wakoli."

Mwenye haja ndiye mwendaji. Wangila alivaa koti la kanisani, akabeba sukari na mikate, akafuatana na Wabwile na Chelagat mpaka Kitale. Walimwona dume huyo langoni: mwekundu, mfupi, sikio limeraruka, anatazama wageni kama askari wa soko. Wakoli aliweka chini vyuma vyake akawakaribisha kwa heshima zote. Roselyne alipokea sukari, akaketi, akaunganisha vidole.

"Mmekuja kuposa?"

"Ndio, mama," Wangila alisema. "Kwa ajili ya kondoo."

"Karibuni. Kondoo zenu ni za ukoo gani?"

Mzee alivuta kola ya koti. "Ni za ukoo mmoja."

"Na mama zao?"

"Huo huo."

Wabwile alificha uso ndani ya kofia.

"Pole sana," Roselyne alisema. "Mama wa bibi ya hii dume yangu alinunuliwa soko ya Chwele. Diwani wenu alitoka wapi?"

"Chwele," Wangila alisema kwa sauti ndogo.

"Basi haiwezekani. Damu ni damu, mzee. Si ni wewe ulitufundisha?"

"Lakini mama, hapo ni mbali sana!" Wangila aliruka. "Mama wa bibi! Nani anahesabu mama wa bibi? Huyu mtaalamu amepima, hakuna kitu!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Wakoli alitazama sakafu kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Nikimtoa Joan, nani atabaki kwangu?"

Roselyne alimsogezea kikombe. "Hilo ndilo neno. Ungelisema siku ile, tungekuja kukaa na wewe. Wafu wamelala, mzee, na wewe unawatwika mzigo wako."

Joan aliolewa Desemba. Pikapu iliyokuja kumchukua ndiyo iliyomleta dume mwekundu, na akina mama walipopiga vigelegele hakuna aliyejua ni vya nani. Kabla ya kupanda, Joan alimshika babu yake mkono pale langoni.

"Kuka, huyu dume akimaliza mwaka mmoja lazima atoke, kabla binti zake hawajakomaa. Ndio damu ipone."

"Nimesikia."

"Hata ukimpenda sana."

"Hata nikimpenda sana," alisema Wangila, akafungua lango kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni hiyo aliwafungia kondoo peke yake, akaingia ndani, akaanza kuitafuta miwani yake. Aliitafuta mezani, kitandani, chini ya mto, na jikoni alikozoea kuwa Joan. Ilikuwa kichwani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.