Kichwa Kipya cha Mlangoni

Mwende alishaamua. Jumapili ile, ibada ikiisha tu, angemwendea Kasisi Judith, amkabidhi funguo za kanisa na kumwambia kwamba mwezi wa nane anarudi kwao Kangundo, na akienda ameenda. Maneno aliyapanga ndani ya basi kutoka Kilburn, akayapangua, akayapanga upya. Yalikuwa machache na yenye adabu. Kilichobaki ni kuyasema, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Mwende ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye.

Funguo zenyewe si za mchezo. Ule wa mlango mkubwa ni mrefu kama kiganja, na umeshatoboa bitana za mikoba yake yote. Alipewa azishike kwa muda, mzee wa kanisa aliyekuwa nazo alipovunjika nyonga. Mpaka Pasaka tu, walimwambia. Pasaka hiyo ikapita, zikapita na nyingine, na yule mzee mwenyewe wakamzika. Waingereza ni watu wa ajabu: kitu cha muda kwao kinaweza kummaliza mtu ujana wake.

Kanisa lipo upande wa Neasden, limebanwa kati ya kituo cha mafuta na magorofa ya kupanga. Ni la kale hasa. Mnara wake ni mfupi na mnene, wa mawe ya kijivu, na ndani kuna nguzo za duara zilizobeba matao ambayo hakuna aliye hai anayejua nani aliyapandisha. Mwende hakuisoma historia ya jengo hilo; aliipangusa vumbi. Anayajua majani yaliyochongwa kwenye beseni la ubatizo, maana vumbi hupenda kukaa kwenye mikunjo yake. Anamjua mtu wa jiwe aliyevimbisha mashavu chini ya boriti kama anayepuliza moto usiowaka, na jina alimpa mwenyewe, Bwana Mashavu. Sakafuni kuna mabamba ya marehemu ambayo viatu vya waumini vimeyafuta majina, na pembeni, karibu na dirisha la kaskazini, kuna kaburi la marumaru la bibi mmoja na bwana wake, wamechongwa wamelala chali, mikono kifuani, kijibwa kimejikunja miguuni.

Mwende humwonea wivu huyo bibi, na humwambia waziwazi, kitambaa mkononi: "We mama, unalala wewe." Karne na karne amelala, na hakuna ejensi ya kazi inayompigia simu kumwambia kwamba mwenzake anaumwa, hebu aje ashike shifti.

Kwa maana usingizi ndicho kitu alichokikosa Mwende. Alikuja London kwa miaka miwili, kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwageuza, kuwapa dawa, kukesha nao. Miaka miwili ikazaa mingine. Akasomesha wadogo zake, akamzaa Ann, akajenga nyumba Kangundo. Katika nyumba hiyo kuna kitanda cha mbao nzito ambacho godoro lake bado limevikwa nailoni ya dukani, kwa kuwa kila alipokwenda likizo alipokelewa na msiba au harusi, akalala penye watu, kwenye viti. Sasa magoti yanamsema kila akipanda ngazi. Hana makuu. Anataka kuichana ile nailoni, alale, asiamshwe na mtu wala saa.

Basi ibada ikaisha, Mwende akasimama na funguo mkononi. Lakini Kasisi Judith, mama mrefu mwenye sauti ya upole na haraka zisizoisha, akasema watu wakae kwanza, ana tangazo.

Tangazo lilihusu mlango. Mbele ya mlango wa kanisa kuna ukumbi mdogo wenye tao, na juu ya tao hilo umechomoza ukingo wa mawe unaosukuma maji ya mvua pembeni, yasiwamwagikie wanaoingia. Kila mwisho wa ukingo kuna kichwa cha mtu. Kile cha kushoto ni cha askofu, na pua bado anayo. Cha kulia kililiwa na mvua na moshi wa magari hadi kikawa kama kiazi kilichomenywa. Sasa fundi amepatikana, akasema Kasisi Judith, atachonga kingine, na badala ya kubuni mfalme au malaika, wazee wa kanisa wameonelea kichwa kiwe cha mmoja wa waumini. Wamekaa, wamechagua.

"Ni Mwende," akasema kwa Kiingereza chake, akilivuta jina kama anavyolivuta siku zote, "maana bila yeye hata mlango wenyewe haufunguki!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mwende akatazama huku na huku, akaona meno tu.

"Asante sana," akasema. "Nimefurahi mno."

Akazirudisha funguo mkobani. Hakufurahi hata chembe. Aliona kama mlango umefungwa, naye yumo ndani.

Kuna jambo lililomkaa rohoni. Baba yake alikuwa mchongaji kule Wamunyu, wa tembo na twiga na morani wa kuuziwa watalii, lakini mtu anayemfahamu hakumchonga kamwe. Wateja walimletea picha za wake zao, akazirudisha. "Ukimchonga unayemjua umemfunga," alikuwa akisema. "Hatoki tena ulipomweka." Mwende mdogo alikuwa akicheka. Mwende huyu wa Kilburn, ameketi jikoni na chai iliyopoa, hakucheka.

"Mum, just tell them no," akasema Ann, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hajibu kwacho.

"Nitasemaje no na watu wameshapiga makofi?"

"With your mouth."

Mwende akamtazama mtoto huyo aliyezaliwa hapa, asiyejua uzito wa makofi, akaenda kufua sare yake.

Akaenda kuchorwa shingo upande. Ilikuwa asubuhi, anatoka kazini moja kwa moja, kilemba kichwani, macho yanawasha. Ukumbini alimkuta Kalasinga mmoja wa makamo, kilemba cha bluu, ndevu zimeingiwa na vumbi la mawe. Mwende akamwamkia kwa Kiingereza. Mtu yule akainua kichwa.

"Mama, wewe ni mtu ya Kenya?"

"Ndiyo. Ukambani."

"Aa! Mimi Sunny. Nilizaliwa Kisumu mimi. Baba yangu alikuwa fundi ya mawe kule, babu yangu pia. Tulitoka mimi nikiwa mtoto, lakini Kiswahili iko, haijaenda mahali."

Mwende akajikuta anatabasamu, jambo ambalo hakulipanga. "Shikamoo basi, fundi."

"Hapana shikamoo, mama, utanizeesha. Kaa hapo."

Ukumbini kuna benchi la jiwe, limebonyea katikati kwa makalio ya watu wa kale. Mwende akaketi penye bonde. Sunny akachora, akifuta kwa kidole gumba, akimwambia ainue uso, ageuke kidogo, sawasawa. Halafu akauliza swali ambalo kila Mkenya wa London huulizwa na mwenzake, nusu salamu, nusu kidonda: "Sasa nyumbani unarudi lini?"

Wote wengine Mwende huwajibu Mungu akipenda. Fundi huyu alimwambia. Alimwambia mwezi wa nane, akamwambia funguo, na jinsi makofi yalivyomziba mdomo. Akamwambia na maneno ya baba yake. Hakujua kwa nini amemwagia mgeni yote hayo. Labda ni kwa sababu ya kusikilizwa bila kuharakishwa.

"Umeambia wao?" Sunny akauliza.

"Bado. Nitawaambiaje naondoka, na ndio hao wananijenga ukutani?"

Sunny hakumcheka. Alinoa penseli yake polepole. "Ukifika Kangundo, kitu ya kwanza utafanya nini?"

"Nitalala."

"Halafu?"

"Nitalala tena."

Hapo fundi akacheka hadi vumbi likamtoka ndevuni, na Mwende naye akacheka, akaegemeza kichwa kwenye ukuta apumue kidogo tu. Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama benchi, koti la Sunny liko mapajani mwake, na karatasi zimeshafunikwa.

"Masikini, fundi, nimekuharibia kazi."

"Hapana, mama. Kazi imeisha. Uso yako nimeona."

Kichwa kilizinduliwa mwezi wa saba, Jumapili yenye mawingu mazito. Watu walijazana nje ya ukumbi, Ann akiwa pembeni ya mama yake, Sunny kando ya ngazi. Kasisi Judith akasoma sala fupi, akavuta kitambaa.

Pale juu, mkono wa kulia wa tao, alikuwepo mwanamke mwenye kilemba. Macho yamefumbwa. Kichwa kimelala upande, na mdomo umeachama kidogo.

"Jamani, anaomba!" akasema Kasisi Judith, mkono kifuani. "Inapendeza kweli. Anaomba."

"Mum," akanong'ona Ann. "You're asleep."

Sunny alikuwa anatazama viatu vyake.

Aibu ilimpanda Mwende hadi masikioni. Kwa mhudumu wa wazee hakuna kosa baya kama kulala kazini, na yeye amelazwa hadharani, mdomo wazi, mbele ya askofu mwenye pua. Alitaka kumrukia yule Kalasinga. Kisha akatazama tena. Lile kunyanzi la katikati ya nyusi, analoliona kila asubuhi kwenye kioo, jiwe halikuwa nalo. Mabega hayakuonekana, lakini ungejua yameshuka. Huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta miaka yote, na fundi alimwona mara moja tu.

"Mwende, utuambie neno," akasema Kasisi Judith.

"Nimefurahi mno" ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Mwende akaimeza. Akafungua mkoba.

"Haombi," akasema kwa Kiingereza. "Amelala. Amechoka. Na mimi nimechoka. Mwezi ujao naenda nyumbani, na sirudi." Akamshika Kasisi Judith mkono, akamtilia funguo. "Huyu wa jiwe atakaa nanyi. Mimi siwezi tena."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kasisi Judith akamkumbatia, akasema kwamba hakujua, kweli hakujua kabisa. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma Mwende kuliko yote. Miaka yote hiyo alijibu kwamba yupo salama, nao wakamwamini.

Mvua ikaanguka papo hapo. Watu wakakimbilia ukumbini, wakasongamana, wakitazama juu. Maji yalishuka kwenye ukingo wa tao, yakafika kwenye kilemba cha jiwe, yakapita shavuni na kudondoka nje, mbali na vichwa vyao. Mama wa jiwe hakuamka.

"Lakini Mwende," ikaja sauti ya Kasisi Judith kutoka ndani ya msongamano, "Jumapili ijayo nani atafungua?"

Jibu alikuwa nalo, kama kawaida. Alijua nani anakaa karibu, na nani huamka mapema, na kwamba mlango ule huvutwa kwanza kabla ya kuzungushwa ufunguo. Yote yalimjia mdomoni kwa mazoea.

"Sijui," akasema kwa Kiswahili.

Walioelewa ni wawili tu. Sunny alicheka huku akikunja ngazi yake kwenye mvua. Ann akampokea mama yake mkoba, akaupima mkononi, akashangaa ulivyo mwepesi.