Sikio la Serikali Kwenye Foni

Simu za posta zilikuwa zimekufa hapa Likasi. Aliyetaka kusikia sauti ya mtu aliye mbali, mkoani Kasai, alikwenda kwenye foni, ile redio yenye waya mrefu juu ya bati. Foni ya mtaa wetu ilikaa sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja. Tulingoja zamu kwenye benchi, kila mtu akisikia mambo ya mwenzake. Unasikia, unayaacha palepale. Ndiyo ilikuwa heshima yetu.

Kisha serikali ikaleta sheria: foni zote ziandikishwe, watu waseme Kiswahili ao Kifaransa tu, na ajenti akae pembeni asikilize. Eti kwa usalama wetu. Usalama gani? Wakati huo watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa majumbani, wanalala stasheni wakingoja treni. Mukwe wangu alikuwa mmoja wao. Alitangulia kwao kutafuta nyumba, akaniachia binti yangu na watoto wao wawili. Niliwaficha chumbani, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Wajukuu wangu, sioni haya kusema, walikuwa wazuri kuliko watoto wote wa avenue yetu. Vijana wa kuchoma nyumba walikuwa wanapita mlangoni.

Nilikwenda kumwambia baba yao neno moja: wazima, wako kwangu. Nilishika mikro, nikamwita. Yeye, maskini, hakujua kuna ajenti.

"Moyo wenu, mamu!"

Kwao, mwanaume hawezi kusema na mama mkwe kabla ya kumsalimia vizuri kwa Kiluba cha Kasai. Ni kama kuingia nyumbani kwake makalio wazi. Ajenti akaacha kutafuna karanga.

"Mama, uyu ni muntu wa wapi?"

"Wa mbali. Si unasikia vile anakoroma?"

"Usinichekee. Njo nani?"

"Mukwe."

Foni ikapiga kelele: "Mamu, batoto yangu iko wapi? À vous!" Ndivyo mtu anavyosema kwenye foni akikuachia zamu.

Benchi nzima ikatazama chini. Ajenti akainama mpaka nikasikia harufu ya karanga mdomoni mwake.

"Mujibu, mama. Batoto iko wapi?"

Wanaume wawili, swali moja.

"Sijui, papa," nikasema kwenye mikro. "Mama yao alitoka nabo. Sikubaona tena. Terminé." Yaani maongezi yamekwisha.

Upande wa pili mukwe wangu alibonyeza kitufe. Tulimsikia akipumua tu, sebule nzima, na ajenti pia.

Jua halijazama nilikuwa nimewatoa binti yangu na watoto kwa njia ya mashambani, hadi kwa dada yangu, huko Mulungwishi. Foni sikuigusa tena, niliogopa hata kupita mbele ya nyumba ile. Ilipita miezi mingi ndipo nikampata msafiri wa kuaminika, nikamtuma kwa mdomo: watoto wazima.

Msafiri alimkuta mukwe wangu amenyoa nywele. Alikuwa ameshawafanyia matanga.