Ofisi Iliyong'oa Muhogo wa Mama

Kazi yangu ni kujibu simu za wateja wa kampuni inayouza taa za sola, na kwa miaka yote nimeifanya nikiwa nyumbani kwa mama, Ulyankulu. Mteja wa Puge taa yake ikizimika, anapiga, namwelekeza, inawaka. Hajatokea hata mmoja kuniuliza nimekaa ghorofa ya ngapi. Jogoo wa mama huwika katikati ya maongezi, na wateja hawashangai, kwa kuwa nao wana majogoo.

Kisha ikaja amri. Wafanyakazi wote wahamie Dar es Salaam, wakae ofisini, na asiyeweza ajihesabu ameacha kazi. Eti tujenge ushirikiano. Nilimpigia bosi nikamweleza kwamba miguu ya mama imeanza kumgomea, na mimi ndiye ninayemchotea maji na kumpikia. Akanijibu kwa upole ule wa mtu asiyekusudia kusikiliza kwamba kila mtu ana mama. Nikapandisha sauti pale barazani, nikamwambia hawawezi kutuhamisha kama magunia, kisha nikakata simu.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, akisikia kila neno.

Lazima nieleze sisi ni watu gani. Mama aliikimbia Burundi akiwa binti, sufuria kichwani. Akafyeka pori hapa, akazaa, akazeeka. Halafu tukaambiwa uraia tutapewa, ila makazi haya ya wakimbizi yatavunjwa na kila familia itapelekwa mkoa mwingine. Kwa miaka hakuna aliyeezeka paa upya wala kupanda mti wa matunda. Mwishowe tuliachwa tukae, lakini woga haukuondoka. Kwetu habari ya kuhamishwa ikiingia, hakuna anayeuliza anahamishwa nani. Watu wanavuna kwanza, hata kisichokomaa, kwa sababu ukikiacha shambani atakula mwingine.

Asubuhi nilimkuta mama amepiga magoti shambani, sehemu kubwa ya muhogo imeshang'olewa. Ulikuwa mchanga kabisa, mizizi myembamba kama vidole vyangu. Jirani yetu, mjane wa rika lake, alikuwa amekaa pembeni anamenya. Naye hakuwa ameuliza lolote, alikuja tu na kisu chake. Walikuwa wanatengeneza makopa, vipande vya muhogo vya kukausha, ya kula njiani.

Nilimweleza mama kwamba haondoki, kwamba ni mimi peke yangu ninayetakiwa Dar. Nilidhani nampa nafuu. Akaweka jembe chini.

"Kwa hiyo mimi wananiacha na nani?"

Niliyekuwa namchukia saa ile si bosi peke yake, ni kila aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka na kuamua maisha ya mtu asiyemjua.

Na nisikilizeni sasa. Mwezi haukuisha, ukaja ujumbe mwingine: nafasi ofisini haitoshi, viti vimepungua, walioko mikoani waendelee walipo hadi watakapotangaziwa. Neno la samahani halikuwamo. Bosi akanipigia, akaniambia nifurahi. Nifurahie nini? Walitoa amri bila hata kuhesabu viti, na kwa amri hiyo mama yangu ameng'oa chakula chake cha mwaka mzima.

Nilimwomba yule jirani pingili za muhogo za kupanda, nikazileta shambani pamoja na jembe la mama. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, ardhi laini. Nikamwambia mama yamekwisha, tupande upya muhogo wetu. Hakulipokea jembe.

"Hao watu wako bado wana namba yako," akasema.

Nikapanda peke yangu. Mama alikaa kivulini anageuza makopa yake juani, yasipate ukungu. Na kila simu ilipolia mfukoni mwangu, mikono yake ilisimama, akanitazama usoni mpaka nilipomaliza kuongea.