Daktari wa Ndani ya Simu

Marcelline hakumwamini daktari anayeonekana kichwa na mabega tu. Daktari wa kweli, kwa hesabu yake, ana miguu, ana kiti, na ana mlango ambao mgonjwa anaufunga mwenyewe. Huyu Rosalie alikuwa uso ndani ya simu na ukuta mweupe nyuma yake. Aliishi Kindu. Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyewaunganisha, maana hapa Bukavu wanaotibu mambo ya moyo na akili ni wachache na foleni yao haiishi. Kila Alhamisi mchana, akimaliza kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, Marcelline alitoka sokoni Kadutu, akajifungia chumbani na kuongea na uso huo.

Mumewe, Benoît, alizama ziwani akirudi kutoka kisiwa cha Idjwi, boti yao ya mota ilipopinduka. Tangu hapo Marcelline alikuwa akiisikia ile mota. Aliisikia sokoni, aliisikia kanisani padri akihubiri. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliishi kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, na mama mkwe alikwisha kusema waziwazi kwamba mwanamke akirukwa na akili, watoto wanakwenda kulelewa kijijini kwa ukoo, Nyantende. Alikuwa nao wawili. Kunyang'anywa hao kulimtisha kuliko mota yenyewe.

Kwa hiyo Rosalie alipewa maneno ya juu juu tu: kichwa kinauma, usingizi haba, chakula hakina ladha. Halafu Alhamisi moja, mwenyewe hajui ilikuwaje, mota ikamtoka mdomoni. Rosalie hakushtuka, wala hakucheka. Usiku ule Marcelline alilala vizuri.

Jumapili, walipotoka misani, mama mkwe akamuuliza kwa upole kama bado anasikia mota.

Upole huo ndio uliomchoma. Kumbe! Daktari gani huyu, siri haikai naye hata juma moja? Akakumbuka kwamba Rosalie, katikati ya mazungumzo, hutupa jicho pembeni, kama anayemtazama mtu aliyeketi pale. Bila shaka mtu yupo. Ukoo wa Benoît ni mkubwa, na hata Kindu wana watu wao.

Alhamisi iliyofuata hakusalimu.

“Geuza telefone,” akasema. “Nataka nione nani iko pembeni yako.”

Rosalie akaizungusha simu taratibu. Meza, beseni, mlango uliofungwa, na juu ya mkeka mtoto mchanga aliyelala fofofo. Ndiye aliyekuwa akitupiwa jicho. Marcelline akataka aoneshwe hata chini ya meza. Hapakuwa na mtu, na jambo hilo likamuudhi zaidi.

“Na wewe, maman, geuza yako,” Rosalie akamwambia.

Upuuzi mtupu. Yeye si alikuwa nyumbani kwake? Akaizungusha ili amalize ubishi: kitanda, ukuta wa mbao, pazia linalotenga chumba chake na cha wifi yake Gisèle, dada wa Benoît.

“Pale chini ya rideau, ile miguu ni ya nani?”

Marcelline akalivuta pazia. Gisèle alikuwa amesimama peku, na hakukimbia. Hasira ikampanda Marcelline. Siku zote hizo alikuwa akimlaani mtu wa Kindu, kumbe sikio lenyewe analala nalo nyumba moja.

“Nilimuambia maman yangu, ndiyo,” Gisèle akasema. “Aliniuliza, nikasema. Lakini siko nasimama hapa kwa ajili yake. Ile moteri, na mimi niko naisikia.”

Marcelline akamkazia macho. Machozi yalikuwepo, ila machozi kila mtu anayo. Huenda ilikuwa kweli, maana Benoît na Gisèle ni wa tumbo moja. Huenda pia ulikuwa uongo wa mtu aliyekamatwa. Hakujua amwamini au la. Alichojua ni kwamba kuanzia leo mama mkwe hawezi kumwita yeye kichaa bila kumwita hivyo na binti yake wa kumzaa.

Akasogea kitandani, akamwachia nafasi, akamkabidhi simu.

“Kaa hapa,” akasema. “Muambie daktari vile umeniambia. Leo ni mimi nitasikiliza.”