Mruko wa Kaka Uliobaki Hewani

Gemu nzuri ya kuruka haikudanganyi. Ukianguka shimoni, umeanguka kwa sababu ulibonyeza kitufe ukiwa umechelewa, na kidole chako kinajua hivyo kabla ya jicho. Gemu mbaya hukuua kwa kitu ambacho hukuweza kukiona, halafu hukupigia muziki wa furaha. Nimecheza za aina zote mbili, hapa Juba na kule kambini Kenya nilikosoma hadi darasa la saba, na zile mbaya sina huruma nazo. Wala sina huruma na watu wanaosifu picha nzuri na hadithi ndefu. Wengi wao hawajui kuruka.

Kwa upande wa mashine, ile ya kuunganisha na televisheni ndiyo bora. Lakini hapa mtaani kwetu Mangateen inataka jenereta, na jenereta inataka petroli, kwa hiyo ni mashine ya watu wengine. Sisi tulibaki na zile za mkononi. Nyingi zinazouzwa sokoni Hai Jalaba ni takataka. Juani kioo hakionyeshi kitu ila uso wako mwenyewe. Vumbi likiingia chini ya kitufe cha mshale, mtu wako huanza kutembea peke yake kwenda kufa. Betri huvimba kwa joto mpaka kifuniko cha nyuma kinaachia. Ya kaka yangu ilikuwa na kasoro zote hizo, na juu ya hayo haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, au chaji ikiisha, ulianza gemu mwanzo kabisa. Siku aliyoinunua nilimwambia ameibiwa. Alinijibu kwamba mashine inayokumbuka huwafanya watu wavivu.

Kaka alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Nasema hivyo ingawa amekufa. Alikuwa na moyo, lakini aliruka akichelewa, kila mara, na hakupenda kuambiwa.

Siku ile alikuwa amekaa mlangoni akicheza steji ambayo hakuwahi kuifikia kabla. Jirani akamwita amsaidie kusukuma pikipiki iliyozimika barabarani. Akaisimamisha gemu katikati, akaniwekea mashine mapajani.

"Usiguse kitu," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Lori la maji lilimgonga kabla sijamaliza kumenya vitunguu.

Mashine ikabaki inawaka. Kwenye kioo palikuwa na mtu mdogo mwenye skafu ya kijani, mikono juu, yuko hewani. Chini yake shimo lenye miiba, mbele yake ukingo wa jiwe. Matanga yakaanza, wanawake wakajaa uani, turubai likafungwa, nami kila asubuhi nilichukua mashine hiyo nikaipeleka kwa jirani yetu Mganda mwenye sola, yule anayechaji simu za mtaa mzima. Nilikaa karibu nayo mtu asiichomoe. Usiku niliichomeka kwenye pawabenki na kuifunika kwa kanga.

"Mama, simu yako hii haipigi, haipokei," yule jirani aliniambia. "Unaichajia nini?"

Nikamwambia ni ya kaka. Tangu hapo aliichomeka kabla ya simu za wengine.

Sasa niseme ukweli. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa muda mrefu, na mimi najua kuruka. Nilipima umbali wa ule ukingo, nikapima kimo cha yule mtu, nikaona alikuwa ameshaanza kushuka. Kaka alikuwa amechelewa tena. Asingefika. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza na bado niliendelea kuchaji, kwa sababu kama gemu haiendelei, basi hajaanguka.

Kwetu, vitu vya marehemu havigawanywi mpaka mkeka wa matanga ukunjwe. Siku hiyo, kama marehemu hakuwa na mtoto, vitu vyake huenda kwa wanaume wa upande wa baba. Sisi wanawake huitwa kuvitoa tu. Nilitoa viatu, nikatoa redio, nikatoa koti. Kisha baba mdogo, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi na anazungumza Kiswahili cha huko, akanyoosha mkono.

"Na ile iko waka waka. Lete."

Akampa mwanawe. Huyu binamu ni rika langu, tulikulia pamoja kambini. Akaigeuzageuza.

"Kumbe hii ndiyo ulikuwa unalala nayo!"

"Usibonyeze," nikasema. "Ikiendelea, anaanguka."

"Nani?"

Akatazama kioo, akanitazama mimi, akaanza kucheka.

"Yaani siku zote hizi unachajia mtu wa gemu? Sisi tulidhani umejifungia ndani unalia."

"Mwache hapo alipo. Mashine chukua, lakini mwache."

"Dada, ananing'inia huko tangu tumzike. Hata yeye amechoka. Acha tumshushe."

Akabonyeza. Yule mtu mdogo akasogea kidogo tu, akagusa ubavu wa jiwe chini ya ukingo, akateleza hadi kwenye miiba. Muziki ukalia.

"Mimi sijafanya kitu!" binamu akasema. "Alikuwa ameshaharibu mwenyewe. Si unaona? Jamaa hakuwahi kujua kuruka, Mungu amlaze pema."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi.

Hapo akafanya jambo ambalo nadhani hata yeye hakulifikiria. Akaninyooshea mashine. Kambini tulikuwa na kibanda kimoja cha gemu, mashine moja na watoto wasiohesabika, na sheria ilikuwa moja: ukifa, unapisha. Hakuna kubembeleza, hakuna mkubwa wala mdogo. Mtu wa gemu alikuwa amefia mikononi mwake, na mikono hiyo ikakumbuka kabla ya kichwa. Nikaipokea.

Steji ilikuwa imerudi mwanzo wake. Nikacheza. Nilipita pale mahali pa shimo kwa wepesi, kwa sababu palikuwa pepesi. Kaka angeweza kupita kama angebonyeza mapema kidogo. Nikamaliza steji, nikaingia nyingine ambayo yeye hakuijua. Sikufa. Maadamu sikufa, sikuwa na wajibu wa kupisha, na binamu alilijua hilo. Alisimama mbele yangu akingoja zamu kama zamani, mwanaume mwenye ndevu, akihamisha uzito mguu hadi mguu.

"Dada," akasema, "kufa basi, na mimi nicheze."

Shangazi akajifunika mdomo. Maneno hayo, katika ua ule, siku ile. Binamu mwenyewe akajua alichosema, akatazama chini.

Baba mdogo akainuka. Nilidhani anamwendea mwanawe. Akaja kwangu.

"Wewe mtoto mwanamke," akasema, "iko cheza katika matanga ya ndugu yako? Wewe hapana sikia aibu?"

Akanipokonya mashine nikiwa katikati ya mruko. Hakujua kwamba kuna kusimamisha, na angejua asingejali. Tukasikia ule muziki.

Binamu akaipokea kwa baba yake, akatazama kioo, na uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Umekufa," akaniambia. "Ukifa, unapisha."

Nikakusanya vikombe vya chai.

Jioni alikuja jikoni akilalamika kwamba mashine imezimika na sasa inaanza gemu mwanzo kabisa. Akaniuliza kama marehemu hakuwa ameacha nyingine iliyo bora.