Bi Mita na Jengo la Wakubwa

Jina lake analo, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Wote humwita Bi Mita. Kazi yake ilikuwa kuwapunguza watu vimo. Si wao wenyewe, mapaa yao. Alikuwa mpimaji wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukimwona anashuka kwenye gari la ofisi na darubini yake ya miguu mitatu, ujue kuna mtu usiku huo hatalala vizuri.

Aliingia kazini enzi ambazo Mamlaka haikuwa mamlaka ya chochote. Ilikuwa dawati moja wizarani, na simu iliyotiwa kufuli. Dawati likawa idara, idara ikawa kurugenzi, kurugenzi ikawa Mamlaka, na kila ilipopanda cheo ilipewa kibao kipya, mihuri mipya na wakubwa wapya. Kazi zikabaki zilezile: kuwapa marubani leseni, kukagua ndege kama zinafaa kuruka, kuziongoza zisigongane, na kuhakikisha hakuna kinachochomoza mbele ya ndege zinaposhuka. Hilo la mwisho ndilo alilokabidhiwa Bi Mita, naye akalishika kama aliyekula yamini.

Maana ukikaa karibu na uwanja wa ndege, hewa iliyo juu yako ina mwisho. Kuna mpaka usioonekana, unaoanzia chini pale ndege zinapotua, ukipanda kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Ukiuvuka, hata kwa antena ya televisheni, unaandikiwa barua: siku thelathini, ondoa kilichozidi.

Barua kama hiyo alimwandikia kaka yake, tumbo moja. Kaka mtu, fundi cherehani mwenye watoto watano, alikuwa ameongeza ghorofa moja juu ya nyumba yake. Bi Mita akapima, akakuta imezidi mita moja. Ndugu wakamwendea, mama yao mdogo akalia mbele yake, wapi! Akasema ndege haijui undugu. Basi kaka akabomoa paa, akalishusha, na tangu hapo ghorofa ile ya juu ni ya kutembea umeinama. Watoto wamekulia humo na manundu vichwani. Miaka saba kaka hasemi naye. Wakikutana msibani humpa mkono akitazama pembeni.

Ilimuuma Bi Mita, tena sana. Lakini alijifariji kwa jambo moja: sheria aliyoitumia kwa kaka yake angeitumia kwa yeyote yule. Bila hilo, alikuwa ametupa undugu bure.

Sasa usafiri wa anga nchini ukatimiza miaka hamsini, na wakubwa wa Mamlaka wakaona aibu kusherehekea kwenye vyumba vya mabati. Wakajenga makao makuu, ghorofa kumi na mbili za vioo, na wakayaweka wapi? Nyuma tu ya mtaa wa kaka yake Bi Mita, njia ileile ndege zinakoshukia, eti wageni wakiwa hewani waone maendeleo. Kwenye fomu ya kibali, mahali pa kujaza kimo, kuna mkono ulioandika "itajazwa baadaye." Hiyo baadaye ilipofika, Bi Mita akasimamisha darubini, akapima mara tatu, kila mara akifuta miwani. Jengo limezidi mita sita. Wanasema nyani haoni kundule, lakini hili lilikuwa na lifti.

Akaandika barua. Fomu ileile, siku zilezile thelathini, kwa mwenye jengo: Mkurugenzi Mkuu. Nakala akaitia kwenye jalada.

Mkurugenzi akamwita. Akamkumbusha kwa upole kwamba amebakiza mwaka mmoja astaafu, kwamba ghorofa ya kumi na mbili ndiyo ofisi yake yeye Mkurugenzi, na kwamba zulia limeshatandikwa.

"Sasa mama, Mamlaka inawezaje kuiandikia barua Mamlaka?"

"Anayeandikiwa ni mwenye jengo, mzee. Mimi huwa siangalii ni nani."

Ikaundwa kamati, ikakaa mara nne. Mmoja alishauri darubini ipelekwe kukaguliwa. Mwenzake akashauri apelekwe Bi Mita. Hatimaye akasimama mtaalamu mmoja mwenye tai, akasema jengo halina tatizo, tatizo ni uwanja. Ndege zikiambiwa zitue mita mia tatu mbele zaidi, mpaka utasogea nazo, na jengo litakuwa halali bila kung'olewa hata kioo kimoja. Wakampigia makofi, watu wazima na akili zao! Mafundi wakafuta mistari myeupe inayoonyesha ndege zitue wapi, wakaichora upya kule mbele. Njia ya kutulia ikawa fupi, ndege kubwa zikashindwa kutua zikiwa zimejaa, na mgeni rasmi wa sherehe ya miaka hamsini ya usafiri wa anga akaja kwa gari, saa tano barabarani. Hotuba zilisifu usalama.

Bi Mita akaagizwa apime upya vimo vya mtaa mzima. Akapima, akakokotoa, kisha akarudia hesabu. Mpaka uliposogea, ulikuwa umepanda juu ya kila paa la upande ule. Nyumba ya kaka yake sasa ilikuwa na ruhusa ya kwenda juu mita sita na zaidi.

Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda kwa kaka yake na kibali cha kuinua paa mkononi. Wifi yake alimfungulia, akamwacha kasimama mlangoni. Kaka akateremka ngazi, mgongo umepinda. Bi Mita akamweleza yote harakaharaka, jengo, kamati, mistari, na kaka akamsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo mistari waliichora kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Mimi nilikuomba wiki moja ya ziada, watoto wamalize mitihani," kaka akasema. "Ukaniambia sheria haina wiki moja."

Neno samahani Bi Mita hakuwahi kuliandika katika barua hata moja ya Mamlaka, wala hakujua linawekwa wapi kwenye fomu. Akalisema pale mlangoni, kwa sauti ndogo, mara mbili. Kaka yake akachukua karatasi, akaikunja bila kuisoma, akamwambia akae.